Mayala Alivyokula Nyama ya Msiba Wake

Jua bado halijachomoza, na Mayala Kashindye ameshafika kwa Bi Mkubwa. Anampapasa ubavuni, anamsemesha Kisukuma, kisha anachuchumaa na ndoo yake. Ng'ombe huyo mwenye baka jeupe usoni hakubali kukamuliwa na mtu mwingine. Mwenzake mmoja alijaribu, akala teke.

Hapa ni kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa mifugo, nje kidogo ya Pasiansi, jijini Mwanza. Mayala ni mhudumu wa mifugo. Tangu ujana wake anakamua, anaogesha ng'ombe kwenye josho na kuwashikilia ng'ombe hao wakati watafiti wanawachoma sindano.

Mwandishi wa makala haya aliambiwa kwamba mtu huyu aliwahi kufika kwenye msiba wake mwenyewe. Alidhani anataniwa. Hakutaniwa.

Mambo yalianza taasisi ilipotimiza miaka 50, ikatolewa stempu ya kumbukumbu. Mpiga picha alimtaka Bi Mkubwa tu, lakini Bi Mkubwa hasimami bila Mayala. Basi Mayala akaambiwa ashike kamba.

"Nilijua watanikata, wabaki na ng'ombe wao," anasema.

Hawakumkata. Mkuu wa kituo, Dk Teodora, alipomkabidhi stempu, Mayala aliona uso wake umekaa pale sawa na wa waheshimiwa. Chini paliandikwa: KUMBUKUMBU, 1974–2024. Akaomba ruhusa ampelekee mama yake, kijijini Sengerema, ng'ambo ya ziwa.

Haikuwa safari nyepesi. Kwa miaka mingi hakuwa amekanyaga nyumbani. Kaka yake, Shigela, ndiye aliyebaki na ng'ombe wa baba yao. Mayala alipomwomba ndama mmoja wa kuanzia maisha, alijibiwa kwamba anayechunga ng'ombe wa serikali akaombe serikalini. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusemeshana.

"Roho iliniuma sana. Nilitaka kaka aione ile stempu, ajue na mimi ni mtu," anasema.

Kumbe picha ya stempu ilikuwa imemtangulia. Rebeka, binti wa Shigela, aliipata kwenye WhatsApp, akawaonyesha wazee wa nyumbani. Na nani asiyejua maana ya kumbukumbu gazetini? Ni picha ya marehemu, mwaka aliozaliwa na mwaka aliofariki. Mayala naye, balaa gani hili, alizaliwa mwaka huohuo ilipoanzishwa taasisi. Wakampigia simu, haipatikani. Simu ilikuwa imetumbukia kwenye josho.

Aliposhuka kwenye kivuko cha Kamanga, kijana wa bodaboda wa kijijini kwao alimtumbulia macho, akatimua mbio na kuiacha pikipiki ikinguruma. Mayala alicheka, akidhani kijana amelewa, akapanda bodaboda nyingine. Kicheko kilimkauka alipoona turubai nyumbani kwa mama yake.

Aliuliza nani amefariki. Jamani, mtu anauliza nani amefariki, kumbe ni yeye! Wanawake waliokuwa wakilia walikimbilia kwenye mihogo. Vijana wawili walikuwa wameshatumwa Mwanza kuulizia mwili, wakapishana naye ziwani.

Akamwendea mama yake. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Aliagiza chakula kiletwe. Mayala akala ugali na nyama mbele ya umati, kila mtu akilitazama koo lake, kwa sababu mfu hali chakula. Alipomeza, ndipo mama aliposema, "Marahaba, ng'wana wane," yaani mwanangu, kisha akakaa chini.

Nyama ile ilikuwa ya dume la Shigela, kubwa kuliko yote zizini.

"Nikiwa hai alininyima ndama," anasema Mayala. "Nilipokufa akanichinjia dume. Sikujua nimshukuru au nimpige."

Shigela, aliyezungumza na mwandishi kwa simu, hakujitetea hata kidogo.

"Nilikuwa nalia mbele za watu, namwomba mdogo wangu msamaha, nikijua hanisikii," anasema. "Kumbe amesimama nyuma yangu."

Siku hiyo Shigela alimpa Mayala ndama aliyemnyima, na Mayala akamkataa. Alimwambia kaka yake hatapokea kitu mpaka zizi lipate dume jingine. Sasa anaweka akiba kidogo kidogo anunue dume dogo, alivushe Kamanga mwenyewe. Shigela anadai huo ni ukaidi wa kuzaliwa nao. Wanabishana kwa simu karibu kila jioni, na mama yao, anasema Rebeka, hulala vizuri akisikia wanabishana.

Stempu bado anayo, ameihifadhi ndani ya Biblia. Dume likipatikana, ataandika barua ya kuwaarifu nyumbani, na stempu hiyo ndiyo itakayobandikwa juu ya bahasha.

"Mama hajui kusoma, lakini ataniona," anasema Mayala, akimfungua Bi Mkubwa kamba. "Ila safari hii nitampigia kaka simu kwanza."