Ng'ombe Mwenye Mabawa

Filamu ile ya katuni ilipofika Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, mnyama wake mkubwa alikuwa joka. Hilo nililijua baadaye. Sisi tulimjua kama ng'ombe.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la mtafsiri wa kibanda cha video. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili chetu cha Kongo. Kiingereza chenyewe alikijua kwa kubahatisha. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemwonya: joka ni yule Shetani wa kitabu cha Ufunuo, na likitajwa humo ndani hawataleta watoto tena. Akamtazama mnyama, akaona pembe ndefu kama za ng'ombe wa Masha, jirani na kambi, akaona na mkia, akamwita ng'ombe, yakaisha. Mabawa aliyaacha kama yalivyo. Moto uliotoka puani alisema ni mvuke wa baridi ya milimani, na hakuna aliyebisha.

Mama yangu alimpenda ng'ombe huyo kuliko watoto wote walivyompenda. Siku tuliyokimbia aliacha ng'ombe wake kwenye milima ya Kivu Kusini, na humo kibandani akamkuta mmoja aliyefukuzwa kwao na mfalme mbaya, tena mwenye uwezo wa kuruka. Mwishoni ng'ombe alipotelea mawinguni. Mtafsiri, kwa huruma zake, akatangaza kwamba anarudi kwao na tutamwona akifika katika sehemu ya pili. Tangu hapo mama akawa anangoja, akisema ng'ombe hasahau kwao. Hata shambani, akipalilia maharagwe, aliniuliza kama wazungu wamemaliza kuitengeneza.

Ilipotoka, nilitumwa mjini Mbarara kuinakili kwenye flashi. Muuzaji wa filamu huko, mtaa wa Kakoba, alinionya kwamba ni ya ovyo, hadithi imewaishia wamebaki kuimba. Sikumwambia mama. Jumamosi mchana kibanda kilijaa, naye akakaa mbele kabisa, amevaa kitenge cha kanisani.

Muuzaji hakusema uongo. Mnyama wetu alikuwa amehamia uani kwa malkia mmoja wa ugenini, amevaa kofia, anacheza dansi na wapishi. Nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi. Kisha akataga yai.

Mtafsiri akasema hilo ni jiwe, ukumbusho wa kwao. Jiwe likapasuka, kikatoka kitoto chenye mabawa. Akasema ndama amezaliwa jiweni, kwa Mungu hakuna gumu, na mama mmoja huko nyuma akaitikia amina. Tulicheka mpaka machozi. Mama yangu hakucheka. Alikuwa akitafuta milima kwenye kioo cha televisheni.

Milima haikuja. Malkia alimkatia mnyama kipande cha bustani, watu wakapiga makofi, wakaimba tena, filamu ikaisha.

Mama akasimama. "Ile ngombe ilifika kwabo?"

Wote tukamgeukia mtafsiri. Alikuwa ametudanganya tangu filamu ya kwanza, na nilimwomba kimoyomoyo aendelee, neno moja tu lingetosha. Naye alikuwa mkimbizi kama sisi, na kiwanja chake cha kupewa hapo hapo Nakivale. Akazima kipaza sauti.

"Hapana, mama. Balimupatia fasi palepale. Iko anaishi tu."

"Na iko anacheka?"

"Iko anacheka."

Mama akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akaniambia twende, ameacha maharagwe motoni. Tulipofika mlangoni akageuka akaitazama ile televisheni, ambayo sasa ilikuwa nyeusi.

"Basi ile haikukuwa ngombe," akasema. "Ilikuwa joka."