Betri ya Shangazi

Mashine ya shangazi ya kutotolesha vifaranga ilikuwa na mayai mia moja sabini na sita, siku ya kumi na nane, baba mkubwa alipochukua spana na kuilaza juu ya ncha mbili za betri. Ikatoka cheche moja kubwa ya buluu, ikalia kama kofi. Hapo hapo feni ya mashine ikanyamaza. Baba mkubwa akairudisha spana mara ya pili, hakikutoka kitu, akanigeukia.

"Umeona? Haina moto hii."

Nimejaribu kuiandika habari hii kwa utulivu, nimeshindwa. Nitaiandika hivi hivi.

Shangazi yangu anakaa Kibamba, ndani huko, mbali na lami, mahali ambapo nguzo za umeme zimeishia nyumba ya tatu kabla ya kwake. Alihamia kutoka Mtoni baada ya mumewe kufariki na ndugu wa mume kuitaka nyumba. Anaishi kwa vifaranga. Anachukua mayai ya kuku chotara kwa wafugaji, anayapanga kwenye mashine ya kutotolesha, na baada ya siku ishirini na moja anauza vifaranga. Kazi hiyo ina sharti moja: joto lisikatike. Na lilikuwa linakatika, kwa sababu betri yake ya zamani, ile ya kuongezwa maji, ilikuwa imechoka. Mchana sola iliijaza vizuri, alfajiri ilikuwa imeisha. Mayai ya mizunguko miwili yalioza mfululizo, na wafugaji wakaanza kupeleka yao kwa mtu mwingine.

"Huu wa tatu ukiharibika mie nafunga banda," aliniambia kwenye simu. Hakulia. Angelia ningehangaika kidogo kuliko nilivyohangaika.

Mimi nilisoma sosholojia. Nalisema hili mapema kwa sababu kila fundi niliyeongea naye alitaka kwanza kujua nimesoma nini. "Sosholojia na betri wapi na wapi?" Wapi na wapi, sawa, lakini kusoma najua. Nilisoma wiki mbili. Nikajua kuwa betri ya maji ukiitumia zaidi ya nusu unaifupishia maisha, wakati ya lithiamu unaweza kuitumia karibu yote na isione uchungu. Nikajua haipendi joto kali. Nikajua kuwa ndani yake kuna kibao kidogo cha kielektroniki kinachoilinda, kikihisi hatari kinakata kila kitu. Na nikajua kuwa nyingi zinazouzwa zina seli, vile vipande vya ndani vinavyotunza umeme, pungufu ya zile zilizoandikwa ubavuni, nafasi iliyobaki imejazwa hewa.

Kwa hiyo nilikwenda Kariakoo na mzani wa shangazi, ule wa kuning'iniza wenye ndoano, anaopimia chakula cha kuku.

"Sista, unanunua betri au mbuzi?" aliniuliza muuzaji wa kwanza, na duka zima likacheka.

Nikaining'iniza betri yake. Kilo sita na kidogo. Betri ya kweli ya ampea mia haiwezi kuwa na kilo sita, na nikamwambia.

"Ndo teknolojia hiyo. Nyepesi."

"Nyepesi kuliko seli zake zenyewe?"

"Sista, kama hutaki acha. Usinifukuzie wateja."

Duka la pili walikataa mzani wangu. La tatu walikubali, wakajuta. La nne lilikuwa la mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, amekaa nyuma ya kaunta na tasbihi yake. Nikamwamkia, nikaomba kupima.

"Pima, mwanangu. Wote wangekuwa wanapima, mie ningepumzika kueleza."

Kilo kumi na moja. Nikanunua.

Tuliifunga mimi na shangazi. Hatukuiweka bandani, chini ya bati linalochemka, bali barazani kivulini, juu ya matofali mawili, na fyuzi karibu yake. Fundi aliyemfungia sola miaka ya nyuma alipita kuangalia, akasema kontrola, yaani kile kiboksi kinachoongoza chaji kutoka kwenye paneli, iachwe ilivyo. "Betri ni betri." Haikuwa kweli. Kontrola ilikuwa imepangwa kwa betri ya maji, na kwa mpango ule kila baada ya siku kadhaa inasukuma volti za ziada ili kuikoroga tindikali. Kwa betri ya maji ni dawa. Kwa hii ni sumu. Alipoondoka nilibonyeza vitufe viwili, nikabadilisha. Fundi mzima wa miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kubonyeza vitufe viwili.

Tukaiacha ijae kwa jua la siku nzima ndipo tukawasha mashine. Siku ya kumi tukayamulika mayai kwa tochi, tukaona mishipa, myekundu, imetanda kama mizizi. Shangazi alicheka peke yake kama mtoto. Siku kumi na saba joto halikushuka hata mara moja.

Ya kumi na nane ilikuwa Jumamosi, akaja baba mkubwa na pikapu yake. Ni kaka mkubwa wa shangazi na wa baba yangu. Aliendesha malori ya mikoani tangu sijazaliwa, na katika ukoo wetu mwenye kujua injini, betri, paa, siasa na ndoa ni yeye. Shangazi akampeleka barazani kumwonyesha. Alikuwa na fahari, na mimi nikaona fahari ile nikafurahi. Mjinga mimi.

"Ndo hii? Mbona kama debe la biskuti?"

"Ndo ya kisasa, kaka."

"Maji yanawekwa wapi?"

"Haiwekwi maji, baba mkubwa," nikasema.

"Betri isiyowekwa maji! Haya. Mmeipima moto?"

Akaenda kwenye pikapu. Aliporudi na spana ndipo nilipoelewa. Madereva wa malori wanazipima betri zao hivyo: wanagusisha chuma kwenye ncha mbili, wanaangalia cheche. Ikiruka vizuri, betri ina moto.

"Baba mkubwa, samahani, hii haipimwi hivyo. Hii ina—"

Shangazi akaniwekea mkono begani. "Mwache mkubwa wako aangalie."

"Shangazi, mayai..."

"Nimesema mwache."

Nikarudi nyuma hatua moja. Nimebishana na wahadhiri mbele ya darasa la watu mia mbili. Nimemuuliza shehe swali ambalo baba alilionea aibu kwa wiki nzima. Lakini nilirudi nyuma hatua moja kwa sababu aliyeshika spana nilikuwa nimemwamkia shikamoo nusu saa kabla.

Basi ikawa ile cheche. Baba mkubwa akafuta spana kwa kitambaa, akakaa kwenye kiti cha baraza. "Mmeuziwa debe. Nilijua tu." Na shangazi akaenda kumchemshia chai. Mashine inapoa, yeye anatia tangawizi.

Niliangalia kontrola: giza. Nikajua kilichotokea, nilikuwa nimekisoma. Betri haikufa, ilijifunga. Kile kibao cha ndani kiliona spana, kikakata, na hakifunguki mpaka kiguswe na umeme kutoka nje. Paneli zilikuwa juani, lakini kontrola yenyewe huwashwa na betri. Betri ikilala, kontrola nayo haioni kitu. Tulichohitaji ni betri nyingine yoyote ya volti kumi na mbili, iungwe kwa sekunde chache tu. Na betri kama hiyo ilikuwa hatua ishirini kutoka pale, ndani ya pikapu.

"Unataka na yangu ife?" alisema baba mkubwa. "Ntarudije Mtoni?"

"Ni sekunde kumi, baba mkubwa."

"Sekunde kumi ndo zinazoua. We umesomea mambo ya jamii, mambo ya moto tuachie sie."

Nikamtazama shangazi. Alikuwa ameshika birika. Aliangalia birika.

Baba mkubwa akampigia fundi wake Temeke, fundi akasema betri ikizima hivyo hununuliwa nyingine. Wakaanza kuzungumza bei, kisha misiba, kisha watoto wa fulani. Nilingoja shangazi aseme neno moja kwa kaka yake. Nilingoja kwa saa mbili, ndiyo, saa mbili, na hili pia ni kosa langu. Katikati ya kungoja nikasema angalau tuifunike mashine isipoteze joto. Tukaleta mablanketi mawili, tukayakaza pande zote, sikuacha hata tundu.

Mwishowe nikaondoka bila kuaga. Kijiwe cha bodaboda kiko mbali kwa miguu, na nilitembea nikiongea peke yangu.

"Braza, naomba betri ya pikipiki yako," nikamwambia wa kwanza.

"Ya nini, sista?"

"Kuna betri nataka kuiamsha."

"Kuiamsha! Imelala na nani?" Wenzake wakaangua kicheko. Lakini aliniangalia usoni, akaacha kucheka. "Panda, twende."

Hakuniuliza nimesoma nini. Barazani alifungua kiti cha pikipiki, akatoa betri yake ndogo kama kitabu, akanishikia nyaya. Nikatenganisha kwanza inveta, kile kiboksi kinachopeleka umeme wa betri kwenye mashine. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikahesabu. Nilipofika saba, kontrola ikawaka. Nikatoa nyaya, nikarudisha inveta, na kule bandani feni ikaanza kuzunguka. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Mashine ilikuwa imezima tangu saa nane mchana.

Baba mkubwa alisimama, akachungulia, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Si nilisema? Moto inao. Ilikuwa inataka kushtuliwa tu."

Na shangazi, Mungu anisamehe, akasema, "Ahsante, kaka."

Vilitoka vifaranga mia moja na tatu. Shangazi akasema alhamdulillah, kwa kuwa mizunguko miwili nyuma alikuwa hajatoa hata kimoja, na mia moja na tatu zilitosha asifunge banda. Wafugaji wakarudi. Kwa majirani alisimulia jinsi betri ilivyozima na kaka yake alivyokuwepo kwa bahati.

Mimi nilichukua mayai yaliyobaki, nikayapasua moja moja juu ya gunia. Machache yalikuwa maji matupu. Mengi yalikuwa na kifaranga kizima, manyoya yamelowa, mdomo umeelekea kwenye chumba cha hewa, tayari kutoka. Vyote vya umri uleule. Nikavipanga mstari, nikamwita.

"Hivi vyote vimekufa siku moja, shangazi. Siku ile."

Alichuchumaa, akaviangalia.

"Unataka niende nikamwambie nini? Nilipotolewa kule Mtoni na vyombo vyangu barabarani, nani alikuja na gari? Hili bati lililo juu yako nani alilipigilia?"

"Sisemi hakupigilia bati."

"Basi."

Alivikusanya kwenye ndoo, akaenda kuvizika kwenye migomba.

Kuna kitu sikumwambia, na sijamwambia mpaka leo. Usiku ule nilirudi kwenye kusoma kwangu. Kifaranga cha siku ya kumi na nane kinavumilia ubaridi kwa saa kadhaa, zaidi kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa hali ya hewa ya Dar. Lakini kukosa hewa hakivumilii. Feni ilikuwa imezima, na mablanketi niliyakaza mimi, nikaziba matundu yote kwa mikono yangu, huku nikiamini kwamba pale barazani mwenye akili nilikuwa mimi peke yangu. Inawezekana spana iliua. Inawezekana niliua mimi. Nimelipindua swali hili kila upande na sina njia ya kulijibu, na hilo halijanipunguzia hasira hata kidogo. Limeiongezea mahali pa kukaa.

Nilichoweza kufanya nilifanya. Nilimtafuta seremala akatengeneza sanduku la mbao lenye matundu ya hewa pembeni, likafunika betri na ncha zake, nikaweka kufuli. Ufunguo nikampa shangazi. Akaufunga kwenye ncha ya kanga.

Baba mkubwa alirudi mwezi uliofuata. Mimi nilikuwa bandani naongeza maji kwenye trei ya unyevu. Mashine imejaa, mayai ya siku ya kumi na tisa. Nikawasikia barazani.

"Kufuli la nini tena?"

"La betri, kaka."

"Fungua niicheki. Isije ikawafanyia kama siku ile."

Nikaacha kumimina maji.

"Ufunguo mie sina," akasema shangazi. "Anao huyo binti. Na alivyo na kiburi, hampi mtu."

"Mmemlea vibaya huyu. Shule imemharibu."

"Tufanyeje, kaka. Ndo watoto wa siku hizi."

"We binti!" baba mkubwa akaita. "Lete ufunguo huku!"

Kwenye dirisha la wavu niliiona kanga ya shangazi na lile fundo kiunoni. Alikuwa amenipa mgongo. Neno lile dogo, hapana, angeweza kulisema yeye, mwenye mashine, mwenye mayai, mwenye ufunguo; alikuwa amelitupa kwangu nilibebe kama ndoo ya maji.

"Sileti, baba mkubwa," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nimesema sileti."

"Hebu kuwa na adabu!" shangazi akanifokea, bila kugeuka, huku mkono wake umelifunika fundo.

Nikamwaga maji nusu nje ya trei. Nikaifuta sakafu, nikajaza trei upya, nikafunga mlango wa mashine. Feni ilikuwa inazunguka.