Kibodi ya Boksi la Tambi

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa kijana wa Unguja, na chumba alichokodi pale Tibirinzi, mjini Chake, kilikuwa na mashine tatu. Umeme ukija, tunapokezana. Umeme ukikatika, tunatazamana. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vyama vingi, jirani hamwitikii jirani salamu, hata maziko watu wakisusiana. Basi siku ya kwanza akatuambia, "Humu chama ni kimoja tu, umeme. Na huo nao bado haujafika mkutanoni." Tukacheka. Mwanzoni tulicheka sana.

Ofisi mpya ya habari ilikuwa ikifunguliwa Chake, ya kuwatafutia watu wanachouliza na kuwapigia chapa. Ilitaka mtu mmoja kutoka darasa letu. Mimi niliyeishia kidato cha pili nilishajiona nimekaa pale, feni juu, mzee wa kwetu Wingwi kaja kuuliza bei ya karafuu, nami namwambia, "Karibu mzee wangu, keti."

Ndoto ilitaka, mwili haukutaka. Asubuhi maji yakipwa nilikuwa pwani na mama tukifunga mwani kwenye kamba, chumvi inakula kucha. Adhuhuri nadandia pikapu ya samaki inayotoka Tumbe kwenda Chake. Nikiingia darasani, buibui linanuka samaki, wenzangu wanaziba pua.

"Karibu, changu!"

"Changu wa leo kalala, yakhe, si mbichi huyo!"

Nami nacheka, nakaa, nasinzia.

Kwa kuwa umeme haukuaminika, mwalimu alikata maboksi ya tambi, akatuchorea kibodi, kila herufi mahali pake, akasema tukajifunzie nyumbani. Langu nililitandika mkekani baada ya magharibi, naligonga. Mama ananitazama.

"Mwanangu, hilo bao wacheza na nani?"

"Nasoma, mama."

"Mbona hufungi wala hufungwi?"

Nikafika hadi ya kuandika nimefumba macho. Nikichoka, kidole nakiacha palepale nilipobonyeza, kimelala, hadi nipate nguvu ya kukipeleka kwingine. Boksi halilalamiki.

Siku ya mtihani umeme ulikuwepo. Tukapewa ukurasa wa kunakili. Macho yangu kwenye karatasi, vidole vinajua njia, moyo unaniambia leo ndiyo leo. Nilipoinua uso, kioo kimejaa a. Mstari mzima wa a, kisha neno, kisha m zimejipanga kama kunguru juu ya ukuta. Nikaanza kufuta, na kufuta kwenyewe nikikandamiza, hadi nikafuta na mazuri.

Mwalimu akainama nyuma yangu. "Mbona huinui vidole?"

"Kwenye boksi havikuwa na haja ya kuinuka, mwalimu. Ndiko vilikopumzika."

Hakucheka mtu, hata wale wa changu. Afadhali wangecheka.

Nafasi akapewa mwenzangu wa Chake, ambaye mjomba wake alikuwa na mashine ya chapa nyumbani. Mwalimu akaniita kando. Ofisi itataka wa pili baada ya mfungo, akasema. "Herufi unazijua kuliko wote. Wiki hii asubuhi umeme upo, njoo nivitoe usingizini hivyo vidole. Ila wiki hii tu, halafu mimi narudi Unguja."

Wiki hiyo ilikuwa bamvua. Mwani ulikuwa umekomaa, na usipovunwa maji makubwa yanaukata yanakwenda nao. Mama peke yake hazimudu kamba zote, mgongo unamsumbua. Nilimweleza ya mwalimu nikiwa nimejilaza chali, sina hata nguvu ya kula.

"Mwani utangoja?" nikamuuliza, kama sijui.

"Haungoji."

"Basi siendi."

Aliniondolea boksi kifuani, akanifunika kanga.

Asubuhi nilipoamka, kamba na viroba havipo, mama keshatoka. Uji umefunikwa kwa kawa. Buibui langu limefuliwa, limefukizwa udi, samaki hanuki tena. Nikalitafuta boksi langu, nikaliona mafigani: ndilo lililowashia moto wa uji, imebaki pembe moja yenye herufi mbili.

Nilikunywa uji nimesimama. Nikatazama upande wa pwani, nikamuona kwa mbali, kainama. Nikavaa buibui, nikaifuata barabara ya Chake, miguu mizito, na njia nzima nikawa nainua vidole, kimoja kimoja, hewani.