Kisima Namba Saba

Nina miaka thelathini na nne, magoti yanalia nikichuchumaa, na mwaka huu nimetangazwa mwanasayansi chipukizi. Katika jiokemia, yaani kemia ya mawe, udongo na maji, mtu huchipuka mpaka mvi zianze. Kila mwaka wanakamati wa tuzo huko ng'ambo wanachagua mmoja wetu, wanampa cheti, wanampigia makofi, kisha anarudi kuosha chupa zake.

Sherehe ilikuwa ya mtandaoni. Niliitazama nikiwa sebuleni kwa mama, Ukonga, majirani wamejaa mpaka mlangoni. Kiingereza chenyewe kilitupiga chenga wote, mimi nikiwemo. Ndipo ikatokea picha yangu nikiwa na chupa kando ya kisima cha mama, kile anachouzia mtaa mzima maji. Mama alipiga vigelegele hadi mwenyekiti wa kamati, huko ng'ambo aliko, akasahau alipoishia kusoma.

Kesho yake asubuhi picha ilikuwa imeshachapwa stesheneri, imetiwa plastiki na kutundikwa juu ya bomba: MAJI YALIYOSHINDA TUZO YA DUNIA. Foleni ilifika kwa fundi cherehani.

Ukweli ni kwamba kwenye utafiti wangu kisima hicho kinaitwa namba saba, na kimenipatia tuzo kwa kuwa kibaya kuliko vyote. Uchafu wa vyoo vya mtaa unavujia humo, na kemikali ya naitreti inayotokana nao ni hatari kwa watoto wachanga. Nilijua tangu mwaka jana. Lakini sisi watafiti tuna adabu zetu za kipuuzi: matokeo hayasemwi mpaka jarida liyakubali. Nikawa namletea mama maji ya dukani, nikiyaita zawadi. Naona aibu hata kuandika.

Jirani mmoja akafika na chupa ya kunyonyeshea.

"Shikamoo mama. Nijazie ya mtoto, na yeye aje awe profesa."

"Usimpe!" nikasema, nikaeleza yote palepale, mbele ya foleni.

Mama alifunga koki. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Hao waliokupa tuzo, uliwaambia lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na mie mama yako, leo."

Mama akajifunga kanga kiunoni, akaliacha bomba.

"Nyumba zenye wachanga nazijua zote. Twende. Kila mlango utabisha wewe."