Uji wa Mama na Kopo la Nyale

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mchanga wa uwanja wetu wa Mtopanga, natapika maji ya rangi ya machungwa, na mbuzi wa zawadi amefungwa nyuma ya goli ananitazama. Miguu yote miwili imekaza kama mbao. Moyo unakwenda mbio mpaka nausikia kwenye meno. Watu wanapiga kelele, "Katana, inuka! Mpira bado!" Sikuinuka. Machela hatukuwa nayo, nikabebwa juu ya mlango wa choo uliong'olewa, na nikiwa juu ya mlango ule nilimwona mama yangu anakimbia kando yangu, upawa wa uji bado uko mkononi.

Nimeanza na huku mwisho kusudi uchungu uusikie kwanza. Sasa turudi nyuma, pole pole. Mimi shule niliiacha darasa la sita, naandika kama ninavyosema, utanisamehe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, winga wa kushoto. Mashindano yetu ya mbuzi, na mpaka leo ndivyo yalivyo, huchezwa siku moja tu. Asubuhi mechi, saa saba mechi, saa kumi fainali. Ukishinda unajilaza kivulini kwenye ukuta wa shule, halafu unaitwa tena. Kwa hiyo pale mwenye mbio nyingi asubuhi si kitu. Mtu ni yule ambaye saa kumi miguu bado anayo. Na siku ile kulikuwa na jambo kubwa kuliko mbuzi: alikuja bwana mmoja wa timu ya kiwanda kule Changamwe kututazama. Akikupenda, unachezea timu na kazi ya kiwandani unapewa. Baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Nyumbani ni mimi, mama, na wadogo zangu wanne. Kazi ile ilikuwa ni yote.

Mama alijua. Tulipomaliza mechi ya saa saba, huyo anakuja na sufuria ya uji wa mtama kichwani, ndizi za kuchemsha kwenye kikapu, na kidumu cha maji ya kunywa. Wenzangu wakaanza.

"Katana, mamako kaja," akasema Charo, golikipa wetu. "Leo unanyonya au unalishwa kwa kijiko?"

Wakacheka wote. Nami nikaona haya, mwanangu. Haya ya bure kabisa. Nikamwendea mama mbio kabla hajafika ukutani.

"Mama, rudi nyumbani na hiyo sufuria. Hapa ni wanaume."

"Wanaume hawali?"

"Mama, tafadhali."

Hakurudi. Alikwenda akakaa chini upande wa pili wa uwanja, akaifunika sufuria kwa leso yake, akangoja.

Ndipo akaja Nyale, kocha wetu. Mkononi ana kopo kubwa jeusi, na nyuma yake Rajabu, yule mwenye chumba cha kunyanyulia vyuma pale barabarani. Karatasi ya kopo lile ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, inaonekana wazi, mikwaruzo mitupu.

"Hii ndiyo wanayokula wale mnaowaona kwenye televisheni," akasema Nyale. "Kati ya mechi na mechi. Misuli inarudi kama mtu hakucheza."

Charo akauliza, "Karatasi yake iko wapi? Tusome."

"Wewe kazi yako kudaka au kusoma?" akasema Rajabu. "Imebanduka na joto. Wallahi dawa safi hii, natumia mimi mwenyewe, nitazame kifua."

Kifua alikuwa nacho, siwezi kusema uongo.

Sasa sikiliza kosa letu, maana ni kosa la watu wa huku Kisauni, mtu wa bara hata hawezi kulifanya. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Unaogea, unafulia, lakini ya kunywa unanunua kwa kidumu. Yale tuliyokuwa nayo sisi tulikuwa tumejimwagia vichwani kwa joto, yamekwisha. Maji ya kunywa yaliyobaki uwanja mzima yalikuwa kwa mama, ng'ambo ya pili, na mimi sikutaka kwenda. Nyale akachota kwenye kisima cha shule.

"Unga huu mtamu," akasema, "chumvi hamtaisikia."

Kweli hatukuisikia. Rajabu alisema kijiko kimoja kwa chupa nzima. Nyale akasema hii ni fainali, tia vitatu, na maji nusu, iwe nzito. Charo alinusa akakataa. Nikanywa yangu, nikanywa na ya Charo.

Kuinua macho, mama amesimama mbele yangu. Alikuwa ameuvuka uwanja. Akaitazama chupa, akalitazama kopo, na hakupandisha sauti.

"Mwanangu, uji wangu unauonea haya. Unga usiomjua mama yake huuonei haya?"

Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Charo ndiye aliyeinuka, akamfuata mama mpaka kwenye sufuria, akanywa vibakuli vitatu na ndizi akala, huku tunamcheka sisi wenye akili.

Dakika kumi za kwanza za fainali niliruka, haki ya Mungu. Nilihisi nina miguu minne. Halafu tumbo likachafuka, kifua kikaanza kugonga, vigimbi vya miguu vikakaza, cha kulia kwanza, kisha vyote viwili. Wenzangu wawili walitapika pembeni. Mimi ndiye niliyeanguka. Bwana wa Changamwe aliondoka kabla filimbi ya mwisho haijapulizwa. Charo alidaka mpaka mwisho, tukafungwa mawili badala ya manane.

Hospitalini mkojo wangu ulikuwa rangi ya kahawa. Daktari, binti mdogo tu, aliniuliza nimekula nini tangu asubuhi. Nikamwambia chai, na ule unga. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba jasho lilikuwa limenikausha, halafu mimi nikaongeza chumvi juu ya chumvi, na kitu cha kukimbiza moyo ambacho hata yeye hakijui, maana karatasi hakuna. Figo zilichoka. Zilirudi, lakini hazikurudi zote. Mpaka leo kazi nzito nimekatazwa. Nina kibanda, nauza maji ya kunywa, nimekaa.

Hilo ningeweza kulimeza. Ninaloshindwa kulimeza ni hili. Nikiwa bado kitandani, Nyale na Rajabu walimwambia yule bwana wa kiwanda kwamba Katana alikuja uwanjani amelewa mnazi. Mimi, ambaye mnazi nausikia harufu tu kwa majirani. Walikuwa wanalilinda kopo. Kazi akapewa mwingine, na jina la mlevi nikabaki nalo mtaani miaka. Hawajafika kwangu kusema pole hata leo. Nyale sasa ni mwenyekiti wa kamati ya mashindano, anakaa mbele, anapewa soda. Rajabu ana duka lenye milango ya vioo. Na unga umerudi, safari hii kwenye vipakiti vinavyometameta. Nimeviona kwa vijana wa Mjambere, nimeviona kwa vijana wa Utange, na juzi kimoja kilianguka mbele ya kibanda changu kutoka kwenye mfuko wa mtoto ninayemjua.

Lakini sikukaa kitako kukulilia. Charo siku hizi ndiye anayefundisha vijana wetu, na mwezi uliopita aliniomba niende na maji. Baada ya mechi ya saa saba aliwakalisha ukutani, viatu wamevua, miguu wameiegemeza juu ukutani. Maji safi, yenye sukari na chumvi kidogo, yananywewa kwa mafunda, si kwa kubugia. Uji. Ndizi. Yai moja moja kwa anayeweza. Na nani alikuwa anapakua? Mama, mzee sasa, macho hayaoni vizuri, anauliza, "Huyu nimempa? Na huyu?" na wale wajanja wanasema bado, wapewe tena. Fainali walikimbia mpaka filimbi. Walifungwa kwa penalti, mbuzi akaenda Utange. Lakini walirudi nyumbani kwa miguu yao wakiimba, na mmoja akaniambia, "Ami Katana, ningeweza kucheza tena." Usiku ule nililala vizuri.

Basi shika haya, mwanangu. Sisemi kila unga ni sumu, yule daktari mwenyewe aliniambia iko dawa ya halali inayosaidia. Lakini isiyo na karatasi usiitie kinywani. Yenye karatasi, mpelekee mtu wa hospitali akusomee. Usijaribu kitu kipya siku ya mechi. Usizidishe kijiko kwa sababu ni fainali, tumbo halijui fainali. Ichanganye na maji unayoweza kuyanywa bila utamu wowote. Na kwanza ule. Akija mamako na sufuria, nenda ukampokee mbele ya wenzako wote, wacheke mpaka wachoke.

Mungu akupe miguu ya saa kumi. Akupe na kazi iliyonipita mimi, na figo zako uzeeke nazo zote mbili.

Na wewe Nyale, na wewe Rajabu, najua haya mtasomewa. Jumamosi ijayo kuna mashindano. Nitaweka viti viwili kwenye ukuta wa shule, pale pale mlipotugawia. Njooni mkae, mwaambie vijana hawa kopo lile lilikuwa na nini, na nani aliikwangua karatasi yake, na Katana alikunywa mnazi wa nani. Mama atakuwepo na sufuria yake. Msipokuja, viti vitabaki wazi kutwa nzima, na kila mtoto atakayeuliza ni vya nani, mimi nitamtajia majina.