Kelele ya Mama Murielle

Mama Murielle alikuwa na sauti, jamani! Ukipita kona ya mtaa wake pale Troyeville, jijini Johannesburg, ulimsikia akiukemea uzi uliokatika kwenye cherehani. Na kila Pasaka, miaka tisa mfululizo, sauti hiyohiyo ndiyo iliyoongoza umati wa Wayahudi katika igizo la kanisa lao la Wakongomani kule Doornfontein. "Msulubishe!" Akipaaza tu, watoto wanalia. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya nafasi hiyo.

Mwaka huu kanisa lilikuwa linafukuta. Karibu na mimbari ilining'inia bendera ya Israeli, aliyoishona Mama Murielle mwenyewe. Zamani haikumsumbua mtu. Lakini tangu vita vya Gaza, vijana walitaka iteremshwe, wakiongozwa na Glody, yule anayeigiza Pilato. "Watoto wanakufa kule, sisi tunapamba ukuta!" Papa Octave, mzee wa kanisa, akawaka: "Israeli ni taifa la Mungu! Anayewabariki atabarikiwa!" Weee, maneno yalikuwa maneno! Na katika wote hao waliotaka kutoana macho, hakuna aliyewahi hata kunywa maji na Myahudi mmoja.

Isipokuwa fundi wetu Mama Murielle, naye hakujua. Mama Zelda, bibi mzungu wa miaka themanini na ushei, alikuwa akimletea sketi za kupunguza kwa miaka kumi na minne. Alhamisi ya kabla ya igizo alimkuta akishona vilemba vya igizo. Akauliza vya nini, akaelezwa.

"Nitakuja kukuona," akasema. "Mimi ni Myahudi, sijawahi kuona igizo la Pasaka maishani mwangu."

"Hapana, mama!" Mama Murielle akaropoka. "Wewe ni mtu mwema!"

Lo! Maji yakishamwagika hayazoleki. Mama Zelda alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka akavua miwani. Mama Murielle hakucheka. Tangu utotoni Bukavu, Waisraeli kwake walikuwa watu wa zaburi na bendera; Wayahudi walikuwa wale wabaya wa msalabani. Leo ndiyo kwanza anagundua ni watu walewale, na mmoja wao amekaa kwenye kiti chake, amevaa sketi aliyoipinda yeye! Aibu ilimshika barabara. Aje anisikie nikipiga kelele ile? Nitamtazama vipi tena?

Jumapili kanisa lilifurika. Mama Zelda aliketishwa mbele kabisa, mkoba magotini. Yesu akaletwa, yaani Ruphin, mlinzi wa duka, miguu mitupu. Pilato akauliza: "Basi nimtendeje Yesu?"

Umati wote ukamgeukia Mama Murielle, maana asipoanza yeye hakuna anayeanza. Akamtazama Ruphin, akamtazama Mama Zelda. Ee Mungu wangu, si huyu Yesu ni mtoto wa Mariamu? Na Mariamu si alikuwa Myahudi? Akajitupa mbele, kilemba kikaanguka.

"Mwacheni! Ni mtoto wetu! Ni Myahudi mwenzetu!"

Glody akausahau upilato wake wote. "Eish, Mama, sasa tunamsulubisha au hatumsulubishi?"

Kanisa zima likalipuka kwa kicheko! Lakini wale wanawake, waliozoea kumfuata kwa miaka tisa, wakamfuata: "Mtoto wetu! Mtoto wetu!" Vigelegele vikapigwa, wengine wakalia kwelikweli. Askari walimvuta Ruphin msalabani huku kina mama wamening'inia kwenye kanzu yake. Pasaka ya namna ile haijawahi kuonekana Doornfontein nzima!

Igizo lilipokwisha, Papa Octave na Glody walimkimbilia mgeni, kila mmoja akitaka kumwahi mwenzake. "Mama, utuamulie wewe. Bendera ibaki au itoke?"

Mama Zelda aliitazama bendera. "Dada yangu anaishi kule," akasema. "Na mjukuu wangu hapa Johannesburg hasemi nami tangu vita vianze, kwa sababu ya bendera hiyohiyo. Leo nimekuja kumwona fundi wangu tu."

Akamgeukia Mama Murielle. "Ulipiga kelele gani pale? Kila mtu alicheka, kisha wakalia."

Mama Murielle akamtafsiria kwa Kiingereza, neno kwa neno, sauti yake kubwa imebaki ndogo kama ya mtoto.

Mama Zelda alimshika mkono asiuachie. "Mama yake Yesu alipiga kelele hivyohivyo," akasema.