Mtani Aliponisalimia kwa Adabu

Mimi ni fundi cherehani, na cherehani ni kazi ya kukaa. Kwa miaka mingi mbio zangu zilikuwa za kufukuza kuku waliopanda juu ya vitambaa vya wateja. Kisha alfajiri moja mtani wangu, mama muuza maharage wa sokoni Kilosa, akanipitia nyumbani Mabwerebwere, filimbi mdomoni. "Mtumwa wangu, toka nje! Utaota mizizi kwenye hicho kiti." Watu wa kwao na watu wa kwetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo matusi yake hayana kesi. Nikamrudishia lake, nikajifunga kanga, nikatoka.

Ndivyo nilivyoingia kwenye jogging. Jamani, kumbe raha ilikuwa huku! Tunakimbia tukiimba hadi Chanzuru na kurudi, tisheti zimelowa, mbwa wanatubwekea, wanaume wa vijiweni wanatucheka na sisi tunawaita waje kama wanaweza. Hawaji. Tulipozoea, tukajiandikisha mbio za kilometa ishirini na moja kule Mikumi.

Siku ya mbio tukakuta hema la madaktari. Walikuwa wanachunguza moyo wa watu wa kawaida, sisi tusio wanariadha, unakuwaje baada ya mbio ndefu. Unatolewa damu kabla ya kuanza, unatolewa ukimaliza, na kesho yake tena. Mtani akakataa, eti damu yake ni ya kifalme, haimwagwi ovyo. Mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono.

Nikakimbia! Nyani wamekaa kando ya barabara wanatutazama kama mashabiki waliolipa kiingilio. Nikapitwa na vijana, nikapitwa na mzee mmoja mwenye kitambi, nikapitwa na mtani aliyenizomea, lakini nikafika. Nililia, nikacheka, nikamkumbatia trafiki aliyekuwa kazini kwake, nikanywa soda mbili bila kupumua. Nilijiona mtu.

Wakanitoa damu tena, wakanipima na umeme wa moyo; majibu yalipotoka, nikiwa bado nacheka, daktari kijana akaja. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimeshinda?"

Hakucheka. Akachutama mbele yangu, akanieleza polepole. Ndani ya msuli wa moyo kuna protini iitwayo troponini. Moyo ukifanya kazi ngumu, kidogo huvujia kwenye damu. Kwa wakimbiaji wengi hupanda, kisha hushuka yenyewe baada ya siku moja au mbili. Yangu ilikuwa imepanda kuliko ya wenzangu wote. Moyo wenye ugonjwa nao huipandisha, ila huko haishuki upesi. "Kipimo cha umeme wa moyo kiko sawa, na kifua hakikuumi," akasema. "Lakini leo ulale kituo cha afya tukuangalie. Asubuhi tunapima tena. Ikianza kushuka, nenda kashone nguo zako. Isiposhuka, tunakupeleka hospitali kubwa."

Baba yangu alianguka shambani kule Munisagara, jembe mkononi, akiwa na umri huu huu nilio nao. Watu walisema ni moyo. Niliogopa, sifichi.

Mtani akaja kunilinda kituoni, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Kwetu mtu akifa, watani ndio wanaochekesha msibani. Wanamwigiza marehemu, wanadai urithi, hata jeneza wanalizuia njiani. Basi huyu akaanza na mimi ningali hai. Akavaa raba zangu, zikampwaya, akapita katikati ya vitanda akikimbia ninavyokimbia, kiuno nyuma, mikono kama mtu anayesukuma toroli. "Marehemu alikuwa hivi! Mnamwona? Kobe alimpita, akamsalimia!" Wagonjwa hoi. Nesi akaja kumfukuza, akaishia kushika ukuta kwa kicheko. Akatangaza kwamba cherehani yangu ni yake, na mume wangu pia ni wake, kama hakuna mwingine atakayemtaka. Nilicheka mpaka nikasahau nina moyo.

Asubuhi wakanitoa damu. Tukakaa kwenye benchi nje tukisubiri majibu, chai na chapati mbele yetu. Nikamngoja anitukane. Akapuliza chai yake tu. Raba zangu bado ziko miguuni kwake. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya chini, "Umeamkaje, dada yangu? Pole sana."

Dada yangu! Daktari hakunitisha hivyo. Mtani akikuheshimu, ujue mambo yamekwisha. "Wewe!" nikamfokea. "Nitukane!" Akatikisa kichwa, akaivunjavunja chapati yake vipande vidogo asivyovila.

Daktari akatokea mlangoni, na safari hii meno yote nje. "Mama, imeshuka sana. Moyo wako ulichoka tu, kama miguu yako. Pumzika wiki hizi mbili, kisha rudi kliniki tuuangalie tena kabla hujaanza mbio."

Nikapiga vigelegele nikiwa nimekaa, maana miguu ilikuwa imekakamaa siwezi kusimama. Nikageuka nimcheke mtani. Alikuwa analia, kanga mdomoni, mabega yanatikisika.

"Lo! Unalia nini na mimi nimepona? Umekosa cherehani?"

"Mtumwa mkubwa wewe," akasema, akijifuta pua kwa kanga. "Tangu ulipolala nilikuwa natafuta la kuchekesha la kusema msibani kwako. Mimi, mdomo huu! Nimetafuta mpaka kumekucha. Sikupata hata moja."